Senge Aliyesomea Umaskini

"Ati unasomea nini?" Nanyama aliuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

"Umaskini," Senge Phanice akajibu. "Umaskini, ukosefu wa usawa, na maendeleo. Ni digrii ya pili."

"Wueh!" Nanyama akaacha kupima dagaa wake wa omena, mkebe ukabaki hewani. "Si ungekuja tu hapa kwangu nikufundishe bure?"

Soko lote la Myanga likacheka. Muuza mitumba alipunguza redio ili asikie vizuri. Jamaa mmoja wa bodaboda akaongeza lake: "Anayesomea udaktari anakuwa daktari. Sasa huyu akimaliza atakuwa nini?"

Senge alicheka pamoja nao. Lakini mimi niliyekuwa nimembebea mfuko niliona walivyotuangalia tulipoondoka. Hayo hayakuwa macho ya kucheka. Yalikuwa macho ambayo watu humpa mgeni anayeulizia njia, na wao wanaona wazi kwamba njia anaijua.

Phanice Nakhungu ni dada mdogo wa baba yangu, Mukhisa. Kwetu dada ya baba tunamwita senge. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kitale, ameolewa hukohuko na fundi wa kuchomelea vyuma anayeitwa Noah. Jumamosi, walimu wengine wakiwa shambani ama kwa arusi, yeye alikuwa darasani tena, upande wa wanafunzi. Masomo ya darasani alishamaliza. Kilichobaki ni utafiti tu, na hapo ndipo alikuwa amekwama. Noah alilazwa hospitalini mwaka uliopita, Senge akaomba kuongezewa muda, akaongezewa. Msimamizi wake, Daktari Kiragu, alimwambia bila kuzunguka kwamba hakuna kuongezewa mara ya pili. Alete habari kutoka kijijini kabla muhula wa tatu kuanza, ama jina lake litolewe. Kwa hivyo likizo ya Agosti ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Na kijiji alichochagua kilikuwa chetu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asisomee kitu kama uhasibu, kitu ambacho ukikitaja watu hawacheki. Akaniambia alikuwa anasahihisha insha za gredi ya tano. Kichwa cha insha kilikuwa jinsi nilivyopumzika baada ya mavuno. Mtoto wa mwenye shamba kubwa karibu na shule aliandika kwamba walienda kumwona nyanya yake Moi's Bridge, wakala kuku. Msichana anayeketi naye dawati moja, Chepkirui, ambaye wazazi wake ni vibarua wa shamba hilohilo, aliandika kwamba alipumzika kwa kufuata mashine ya kuvuna akiwa na gunia, akiokota mahindi yaliyoanguka.

"Aliandika kwamba alipumzika," Senge aliniambia. "Na hakuwa anadanganya. Alidhani hiyo ndiyo kupumzika. Sasa Nabwile, shamba ni moja, mvua ni moja, dawati ni moja. Nilitaka kujua ni wapi hao watoto wawili waliachana njia."

Nilimpenda kwa hiyo hadithi. Lakini kuna neno lingine nililisikia kwake, na hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa likizo ya Aprili, nimemtembelea Kitale. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, yeye yuko jikoni anaongea na Daktari Kiragu kwa simu. Dirisha lilikuwa wazi. "Hapana, Daktari," alisema. "Mgeni akienda kule watamdanganya kwa heshima na wampe chai. Mimi hawawezi kunidanganya. Mimi najua ng'ombe wako wapi."

Nikabaki nimeshika shati la Noah, maji yananitiririka mkononi.

Lazima nieleze hapo. Kwetu mwanaume hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine anawapeleka kwa rafiki anayekaa mbali. Rafiki anawalisha, anakunywa maziwa, na siku moja atapewa ndama. Mwenyewe naye anajua kwamba ugonjwa ukiingia boma moja, ama shida, haitamaliza kila kitu. Kwa hivyo ukiona ng'ombe kwa boma la mtu, usikimbilie kusema ni wake. Na ukiona boma tupu, usimhurumie mwenyewe haraka. Tena ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Ukimuuliza mtu ana wangapi atakujibu, "Wako." Ukiuliza tena, ataanza kukuangalia mikono kama anayemwangalia mwizi.

Wa baba yangu wako Cheptais, kwa rafiki yake Kigen. Hapa Myanga boma letu lina mbuzi mmoja na kuku. Na mimi nilikuwa nasoma shule ya bweni kwa basari, ule msaada wa karo kwa watoto wa maskini. Watu wa kamati walikuja, wakaangalia boma, wakaona yule mbuzi, wakatikisa vichwa, wakaandika. Baba hakusema uongo. Hakuna mtu aliyemuuliza juu ya Cheptais.

Basi Agosti ikafika, na Senge akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake na mfuko. Maswali yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Jana mlikula nini? Mtoto akiugua mnafanya nini kwanza? Lakini habari zilikuwa zimetutangulia, na zilikuwa za aina mbili. Upande wa juu wa kijiji walisikia kwamba Phanice anachagua watu wa kupewa msaada. Upande wa chini walisikia kwamba ametumwa na watu wa mikopo.

Kwa hivyo huko juu tulikuta umaskini wa kutisha. Kwa Nanyama sola ilikuwa imeshushwa kutoka juu ya mabati, na alama ya mahali ilipokaa ilionekana, inang'aa kuliko mabati mengine. Kwa jirani yake pikipiki ilikuwa imesukumwa ndani ya migomba na kufunikwa majani, sehemu ya kuketi ikichungulia nje.

"Hiyo ni nini pale?" nikauliza, maana mdomo wangu hauna breki.

"Ni mgomba," mama wa boma akasema.

Huko chini mambo yalikuwa kinyume. Kwa nyumba ya kwanza tulikaribishwa kwa viti vya kochi vyekundu vyenye vitambaa vilivyofumwa tausi. Tukapewa chai ya maziwa matupu. Tulipofika nyumba ya tatu, tukaketi kwa viti vyekundu vyenye vitambaa vya tausi. Kimoja kilikuwa bado na joto. Nilipogeuka kuangalia dirishani nikawaona vijana wawili wakifuta jasho.

Nilicheka njia yote ya kurudi. Senge hakucheka. "Hakuna kitu hapa," alisema, akipiga daftari na kiganja. "Nikimpelekea Kiragu hivi vitu atanifukuza, na atakuwa na haki. Wanadanganya hata chai."

"Si ulisema hawawezi kukudanganya?"

Akasimama. "Ulisikia hiyo wapi?"

"Aprili. Nilikuwa naanika nguo."

Akachukua mfuko mkononi mwangu, akatangulia.

Siku hiyo baba naye alikuwa akimngojea. Tulikuwa tunakula, ugali na kunde, mama ameketi karibu na mlango. Baba alikata tonge, akalizungusha sana bila kulila.

"Phanice."

"Kaka."

"Hapa kwangu utaandika nini?"

"Hapa sijafika."

"Utafika lini?"

"Kaka, si ni maswali tu."

"Nani anakulipa kuuliza hayo maswali?"

"Hakuna. Mimi ndio nalipa. Nalipa karo mwenyewe, kwa mshahara wangu."

Baba akaweka tonge chini. "Mtu mzima atoe pesa yake ndio aruhusiwe kuuliza watu wamekula nini? Hapana, bana. Hapo kuna kitu. Kitu kama hicho hakiko."

"Baba Nabwile, mwache dada yako ale," mama akasema.

"Nani amemzuia? Ale. Ila ajue huyu mtoto anasoma kwa basari, na aliyekula hapa asiende kuongea huko nje kama mtu ambaye hakula."

Senge alikula. Lakini niliona vile alitafuna, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye maharagwe. Nikajiuliza kitu ambacho sikupenda kujiuliza. Huyu ni Senge wangu, aliyeninunulia viatu vya shule. Lakini kama atalazimika kuchagua kati yetu na digrii, atachagua nini? Na mbona sikuwa na hakika?

Daktari Kiragu alimshauri aache nyumba kwa nyumba. Aite watu wote pamoja, wenyewe wapange kijiji chao. Mzee wa kijiji, Makokha, ambaye pia ni mmoja wa kamati ya basari, alikubali kupitisha neno. Alhamisi watu wakajaa kanisani. Walikuja wote, maana hakuna aliyetaka kupangwa akiwa hayuko. Hata baba alikuja, akaketi karibu na dirisha, kofia magotini.

Senge alikuwa ameweka karai tatu mbele, pale wanakwaya husimama. Kila boma lilikuwa na kipande cha katoni chenye jina. Akaeleza: karai ya kwanza ni ya wanaojiweza, ya kati ni ya wanaosukuma maisha, ya mwisho ni ya wale ambao wakilala hawajui kesho watakula nini. Mtazungumza, mtakubaliana, kila kipande kiingie mahali pake. Majina yatabaki hapahapa, hayataandikwa kwa kitabu.

Makokha akasema, "Haya, tuanze." Hakuna aliyeanza. Senge akachukua kipande cha kwanza, akasoma jina, akauliza kiwekwe wapi. Sauti tatu nne zikasema pamoja, "Mwisho!" Kipande cha pili, "Mwisho!" Cha tatu hivyohivyo. Karai ya mwisho ilianza kujaa huku zile mbili ziko tupu. Watu walikuwa wanasaidiana kuwa maskini. Niliona shingo ya Senge ikilegea. Alijua, nami nilijua, kwamba akiondoka na kijiji cha maskini watupu, amekwisha.

Ndipo Nanyama akasimama, kanga kiunoni.

"Msichana wetu, mimi niko na swali. Umeingia kwangu, ukaangalia mpaka sufuria yangu. Umeingia kwa kila mtu. Kwenu je? Hicho kipande cha Mukhisa mbona umekikalia? Si uanze na kwenu, tuone."

"Eeh! Aanze na kwao!" watu wakaitika, na sasa walikuwa macho.

Senge akakitafuta kati ya vile vipande. Akakigeuza mara moja, kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna kilichoandikwa nyuma. Akamwangalia baba. Baba hakufanya kitu kikubwa. Alitikisa tu kichwa kidogo, mara moja, vile mtu hukataa kuongezewa chai.

Senge akatembea mpaka karai ya kwanza, akakiangusha.

Makokha alikuwa wa kwanza kusema. "Phanice, hapo umekosea. Mukhisa ako na mbuzi."

"Hapa ako na mbuzi."

"Na wapi kwingine?"

"Kaka yangu ako na ng'ombe," Senge akasema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Wengine ni wa mahari yangu mimi mwenyewe, niliwaona wakiletwa. Sitasema ni wangapi, na sitasema wako kwa nani. Lakini wako."

Baba akasimama, akavaa kofia, akaivuta vizuri mbele na nyuma. "Haya," akasema. "Sasa mmejua mimi ni tajiri. Kesho mje kukopa." Akatoka. Mama akatoka nyuma yake. Mimi nilipaswa kutoka pia. Sikutoka, kwa sababu nilitaka kuona.

Nanyama alibaki amesimama palepale. Hakutarajia kupata alichoomba. Kisha akaenda mbele, akainama kwenye karai ya mwisho, akatoa kipande chake, akakitupa ile ya kati. "Niko na sola," akasema. "Niliishusha peke yangu na mgongo unaniuma mpaka leo. Mniache."

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa madirisha. Na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. "Wewe wa pikipiki, usijifiche!" "Mtoto akiwa Saudia na hatumi kitu, hiyo ni kujiweza?" "Na yule mjane wa kule chini, mbona hamumtaji? Huyo ng'ombe zote anachunga ni za watu, yeye anakunywa maziwa tu!" Waligombana kuhusu mjane huyo mpaka wakakubaliana aende karai ya mwisho, na viti vyekundu vikaonekana si vya nyumba yoyote kati ya zile mbili tulikovikalia. Walibishana hata juu ya neno lenyewe, kujiweza ni nini. Mama mmoja alisema kujiweza ni kuwa na mtu wa kumpigia simu ukishikwa na shida. Kwa neno hilo watu wakahamisha vipande vingine vinne ama vitano.

Senge aliandika. Aliandika haraka, bila kuinua kichwa, na uso wake haukuwa wa huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata alichokijia. Hicho ndicho kilinisumbua kuliko yote.

Nyumbani baba hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, akiangalia nje, "Angekiweka katikati. Katikati hakuna mtu anauliza."

"Watu wote walikuwa wanamwangalia," mama akasema. "Angefanya nini?"

"Angekiweka katikati."

Senge alihamia kwa Nanyama siku hiyohiyo. Msichana wa boma kulala kwa jirani na kwao kuko hapo, moshi unaonekana, ni aibu ambayo kwetu haina dawa, na kijiji chote kilipita njia hiyo kuhakikisha. Makokha naye alikuja kwetu, akakataa kuingia, akakataa chai. Alisema jina langu litatoka kwa basari lipewe mwingine. Alisema hivyo kwa upole, akiangalia mbuzi. Baba akaenda Cheptais, akauza mtamba, karo ikapatikana. Senge alikuwa ametuma neno kwamba ataongezea. Baba akajibu, "Mwambieni pesa yake aweke kwa umaskini."

Nilimfuata Senge kwa Nanyama siku moja kabla arudi Kitale. Alikuwa anasaidia kuanika omena. Nikamuuliza bila salamu.

"Senge, ulisema vile kwa sababu ni ukweli, ama kwa sababu ya masomo?"

Nilidhani ataniambia mambo ya ukweli. Walimu hupenda hayo.

"Kwa sababu ya masomo," akasema. Aliendelea kusambaza omena kwa vidole. "Ukweli ningemwambia baba yako pale nyumbani, sisi wawili, na pengine ningemshinda. Mbele ya watu nilisema kwa sababu nilitaka wao waseme wa kwao. Nilimtumia kaka yangu kufungua mlango. Usije ukamwambia mtu kwamba nilikuwa nafanya kitu kizuri."

"Na basari yangu?"

"Niliifikiria."

"Kabla ama baada?"

Akaniangalia. "Kabla," akasema.

Sikujua kama niongeze kumpenda ama nipunguze. Mpaka leo naenda huku na huku. Siku nyingine najiambia kuna mtoto fulani anasoma kwa ile basari, pengine mtoto wa yule mjane. Siku nyingine nakumbuka ule uso, kalamu ikikimbia.

Daktari Kiragu aliikubali kazi ya Senge. Amemaliza, anangoja tu kuvaa joho. Alimtumia baba ujumbe wa kumwalika, baba akausoma, akamrudishia mama simu.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Siku chache baada ya shule kufunguliwa, baba alipanda tena Cheptais. Alikaa huko, akarudi viatu vimejaa matope mekundu, hana la kusema. Mama aliponitembelea shuleni alininong'oneza kwamba Kigen alipiga simu, amekasirika, anauliza amekosea nini. Baba alikuwa amewahamisha ng'ombe wote. Mama mwenyewe hajui wamepelekwa wapi. Anashuku ni upande wa Moi's Bridge, lakini anashuku tu.

Likizo ya Desemba, Senge akanipigia simu kutoka Kitale. Tuliongea juu ya mtihani, juu ya Noah, juu ya mvua kuwanyeshea watu mahindi yakiwa bado shambani. Kisha akashusha sauti, na nikajua kinachokuja.

"Nasikia kaka aliwatoa kwa Kigen."

"Ndiyo, Senge."

"Wako wapi sasa?"

"Sijui."

Pengine hakuniamini. Mimi pia, kama ningekuwa yeye, nisingejiamini.

"Sawa," akasema. "Hata ukijua, Nabwile, usiniambie."